Arusha: Chungu cha makande ndicho kinachomaliza mkaa

Kaya nyingi za Jiji la Arusha zinajua bei ya sado moja ya mkaa, lakini ni chache zinazojua zimetumia shilingi ngapi za mkaa kwa mwezi mzima. Mkaa hununuliwa kidogo kidogo, leo sado, kesho nusu, na fedha hutoka bila kuonekana. Ndiyo maana jiko la bati la bei ya chini huonekana nafuu siku ya kununua, kumbe ndilo linalokula fedha nyingi zaidi.

Chukua mfano wa kaya inayotumia sado moja kwa siku. Bei ikiwa Sh2,000, matumizi ya mwezi ni Sh60,000. Jiko sanifu lenye udongo wa kufinyangwa ndani, ambalo hutunza joto lisipotee pembeni, linaweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja. Hapo kaya inaokoa Sh20,000 kwa mwezi. Hata kama jiko hilo limenunuliwa kwa Sh30,000, fedha hiyo inarudi katika mwezi mmoja na nusu. Kila msomaji anaweza kuweka bei za mtaani kwake na kupata hesabu yake.

Gharama nyingine hailipwi dukani. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo 6 hadi 10 za kuni, na sehemu kubwa ya nishati hupotea porini pamoja na hewa ukaa kabla gunia halijafika mjini. Jikoni nako kuna moshi na hewa ya sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Makande na maharage

Swali la msingi ni moto unakwenda wapi. Chai na ugali huiva haraka. Kinachomaliza mkaa ni chungu cha makande, maharage au supu ya mifupa, ambacho hukaa motoni saa nyingi. Nyumba nyingi zenye mtungi wa gesi wa kilo 6 bado zina jiko la mkaa uani kwa sababu hiyo hiyo: mama anaogopa makande yatamaliza gesi kabla ya mwisho wa mwezi. Anayetaka kupunguza matumizi aanzie kwenye chungu hicho.

Hatua ya kwanza haina gharama. Mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na chungu kikifunikwa vizuri mvuke haupotei bure.

Hatua ya pili ni jiko kapu, yaani kikapu kilichosheheni nguo kuukuu, sufi au majani makavu. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kama nusu saa, kisha chungu huwekwa ndani ya kikapu na kufunikwa kwa saa kadhaa. Kabla ya kula, chakula kichemshwe tena hadi kitokote, kwa sababu chakula kilichokaa kikiwa vuguvugu kinaweza kuharibika.

Umeme wa LUKU

Hatua ya tatu ni jiko la presha la umeme. Wengi hulikimbia wakidhani litamaliza LUKU, lakini hesabu haisemi hivyo. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukata hutumia uniti moja tu, na kwa kawaida hujizima lenyewe mara presha inapofika. Kwa bei za TANESCO zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kawaida hupata takriban uniti 28 kwa Sh10,000, yaani kama Sh356 kwa uniti pamoja na kodi. Ni vigumu kuivisha makande kwa mkaa wa Sh356.

Tahadhari ni kwa mteja mdogo, ambaye hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, uniti za ziada ni Sh350. Wapangaji wanaochangia mita moja nao wakubaliane kwanza na mwenye nyumba namna ya kugawana, vinginevyo jiko litaleta ugomvi.

Wenye ng'ombe mlimani

Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani kando ya migomba na kahawa, nishati iko zizini. Kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa mjini Arusha mwaka 1981, kilianza kueneza mitambo ya biogesi katika miaka hiyo ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani. Mwaka 2009 programu ya taifa ya biogesi ya majumbani ilianza chini ya kituo hicho.

Kilo moja ya samadi mbichi hutoa wastani wa lita 40 za gesi. Ng'ombe watatu wa bandani wakitoa kilo 30 kwa siku, gesi hiyo hutosha kuwasha jiko kwa takriban saa tatu. Tope linalotoka mtamboni ni mbolea ya migomba, kahawa na mboga, hivyo mkulima hapotezi samadi yake.

Mitambo hufa kwa sababu zinazojulikana: ng'ombe wameuzwa, maji hayatoshi, au samadi haijatiwa kila siku. Samadi huchanganywa na maji kiasi sawa, kwa hiyo asiye na maji karibu asianze. Gesi nayo isiachwe ivuje, maana methani huongeza joto la dunia kuliko hewa ukaa.

Mtaji wa kuanzia

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kikwazo kikubwa ni fedha ya mara moja. Mwenye Sh2,000 kila siku anaweza kukosa Sh150,000 kwa pamoja.

Hapo ndipo vikundi vya kuweka na kukopa vinapofaa. Kikundi cha wanawake 10 kikichangishana na kununua jiko moja la presha kila mwezi, ndani ya miezi 10 kila mmoja atakuwa nalo. Mama ntilie, anayepika maharage kila siku, apewe zamu ya kwanza, kwani ndiye atakayerudisha fedha mapema.

Kabla ya kununua chochote, kaya iandike kwenye daftari kila shilingi ya mkaa kwa siku 30. Jumla ya ukurasa huo itaonyesha jiko lipi ni rahisi na lipi ni ghali.