Eksteno inafanya nini peke yake?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, makarani wa vyama vya msingi, kuanzia Chiwata hadi Newala mkoani Mtwara, huwa hawana usingizi. Kila kilo inayoingia ghalani lazima ibebe jina la mkulima, namba yake ya simu na akaunti yake ya benki. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, fedha hazitoki pale pale kwenye mzani. Zinasubiri mnada, kisha zinapitia benki. Orodha ikipotea, kijiji kizima kinakaa kusubiri. Kwa hiyo karani mwenye akili hununua hadi diski ya nje, ile wengi wanaiita eksteno, akanakili kila kitu humo na kushusha pumzi.

Halafu jioni moja amefunga programu zote, mikono iko mapajani, na taa ya eksteno inawakawaka. Akitega sikio anasikia mkwaruzo mdogo ndani yake. Anataka kuichomoa, Windows inamjibu kwamba kifaa bado kinatumika. Kinatumika na nani? Ofisi nzima ina majibu: kirusi, umeme, diski inakata roho. Hakosekani na wa kunong'ona kuwa hapo pana mkono wa mtu.

Mara nyingi mkono ni wa Windows yenyewe. Programu ya kuzuia virusi hukagua mafaili bila kuomba ruhusa. Folda ya picha ikifunguliwa, kompyuta huzisoma moja moja ili itengeneze vile vipicha vidogo vya kuonyesha. Ipo pia ratiba ya kupanga diski, ambayo kawaida hujiendesha kila wiki. Kumjua mhusika hakuhitaji mganga: andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia, fungua ukurasa wa Disk, na utaona jina la kila programu pamoja na faili inalolisoma au kuliandika dakika hiyo hiyo. Nashangaa mafundi wangapi wanakimbilia kufomati kabla ya kuchungulia hapo.

Lakini ipo hali ambayo orodha hiyo inaonyesha kimya na taa bado inacheza. Hapa inayofanya kazi ni diski yenyewe. Eksteno nyingi ndogo za siku hizi huandika data kwa mistari iliyolaliana kama vigae vya paa, ili nafasi iliyo ile ile ibebe vitu vingi zaidi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kubadili mstari mmoja bila kugusa ulioulalia. Diski hupokea mzigo haraka kwenye eneo la muda, kisha ikipata nafasi inaanza kuupanga upya polepole. Ukiwa umemwaga video za gigabaiti mia mbili, inaweza kuendelea kuhangaika muda mrefu baada ya kompyuta kusema imemaliza. Wanunuzi wengi hawakuambiwa hata kwamba wameuziwa diski ya aina hiyo. Mwaka 2020 Western Digital ilibidi itaje hadharani ni zipi, baada ya wateja wa Ulaya na Marekani kuja juu.

Umeme nao una sehemu yake. Mtwara na Lindi ziliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme huku si habari. Eksteno isiyo na waya wake wa umeme hula kutoka kwenye laptopu: tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Waya ukiwa umechoka, diski huzima na kuwaka tena yenyewe, na kompyuta hulia kila mara kana kwamba imechomekewa kitu kipya. Badili waya kwanza kabla ya kubadili diski.

Virusi basi havipo? Vipo, na dalili yake iko kwenye mafaili kuliko kwenye taa. Unafungua eksteno, folda zote zimegeuka shortcut za kilobaiti moja. Aliyezoea hali hii hatetemeki: mafaili yamefichwa tu, na amri ya attrib huyarudisha, ila kirusi chenyewe nacho lazima kisafishwe. Asiyejua hufomati, akamaliza kazi ambayo kirusi hakikuifanya. Usibofye shortcut hiyo hata kidogo.

Vipo pia visivyoacha dalili hiyo. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza kuhusu kirusi Sogu, kilichotumiwa na wadukuzi wanaohusishwa na China kuingia kwenye taasisi zisizopungua 29. Kilisafiri kwa flashi, teknolojia ambayo wengi walidhani imeshapitwa. Maambukizi mengi yalianzia kwenye ofisi za Afrika, na Tanzania ilitajwa. Watafiti walishuku kompyuta za pamoja, zile za intaneti kafe na za maduka ya kuchapa.

Ndiyo maana eksteno inayokaa imechomekwa mchana na usiku siiiti akiba. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kitaifunga pamoja na laptopu, na radi ya masika itaziunguza zote mbili. Nakili, chomoa, fungia kabatini. Na nakala ya pili ilale jengo jingine.

Tena eksteno hiyo isipelekwe steshenari. Angalia skrini ya kompyuta ya duka lolote la kuchapa lenye wateja: barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, matokeo ya mitihani, orodha zenye namba za akaunti, vyote vimeachwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mkulima azilinde. Printa ndogo ya ofisini ingewaondolea makarani safari hiyo, na wakulima wanaweza kuidai kwenye mkutano mkuu kabla ya Oktoba.