Usipoziba Ufa wa Gego

Kila mwalimu amjua mtoto wa namna hii. Yumo darasani, shavu limevimba, kichwa amekiinamisha juu ya dawati. Akiulizwa hesabu, hajibu. Si mvivu wala si mjinga: jino lamwuma, na usiku kucha hakulala. Hata hapa kwetu Obokote, Kindu, twawaona watoto kama huyo, na mara nyingi mwisho wake ni jino kung'olewa.

Wazee walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Neno hilo lafaa kwa nyumba, nalo lafaa kwa meno pia.

Tulitazame gego. Gego la kwanza la kudumu humwota mtoto apatapo umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa kuwa halikungoja jino lingine ling'oke, wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, wakasema: "Liache lioze, litaota jingine." Wanakosea, halitaota jingine kamwe. Tena juu ya gego hilo mna mifereji myembamba, ambamo mswaki hauwezi kuingia. Makombo hukaa humo. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari yake na kutoa asidi. Nayo asidi huondoa madini ya jino, yaani kalsiamu na fosfati, mpaka tundu litokee. Basi si funza aliyeingia jinoni, kama wengine wasemavyo.

Je, mifereji hiyo yaweza kuzibwa kabla haijaoza? Naam. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Uingereza, Alan Wilson na Brian Kent, walitangaza saruji ya meno iliyofanyizwa kwa unga wa kioo na maji ya asidi. Saruji hiyo hushikamana na jino, kisha hutoa polepole madini yaitwayo floridi, ambayo husaidia jino kurudishiwa nguvu yake. Mtoto apigapo mswaki kwa dawa yenye floridi, saruji huipokea na kuitoa tena, kama mtungi ujazwao upya.

Wala tusidhani kazi hii yataka mashine. Katikati ya miaka ya 1980, katika nchi jirani ya Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno kwa vyombo vya mkono tu, pasipo umeme. Mganga husafisha gego, hulikausha kwa pamba, hutia saruji na kuikandamiza kwa kidole. Hakuna sindano, mtoto hungoja tu saa moja hivi pasipo kula. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiandika saruji hiyo katika orodha ya dawa za lazima.

Hata hivyo saruji huchakaa, hivyo yapasa kukaguliwa. Nayo haiondoi wajibu wa mswaki mara mbili kwa siku, wala haimpi mtoto ruhusa ya kula peremende kutwa.

Enyi wazazi, mtoto atimizapo miaka 6, na tena 12 magego ya pili yaotapo, mfungueni kinywa juani mkamtazame. Kisha mwulizeni mganga wa meno habari ya kuziba. Ufa mdogo huzibwa kwa dakika chache. Jino lililong'olewa halirudi.