Mitihani ya Benki India: Namna ya Kupambanua Chanzo na Matokeo

Nchini India, vijana wanaotafuta ajira katika benki za umma hufanya mtihani wa pamoja unaosimamiwa na taasisi ya IBPS, ilhali State Bank of India huendesha wake yenyewe. Jibu lisilo sahihi humpunguzia mtahiniwa robo ya alama za swali husika. Kubahatisha, basi, kuna gharama, hasa kwa wanaoomba ukarani, ambao kwa kawaida umri wao hautakiwi kuzidi miaka 28.

Swali la chanzo na matokeo lina mtego wake. Mtahiniwa hupewa kauli mbili, aamue ipi imesababisha nyingine, au kama zote zimetokana na chanzo kimoja, au kama kila moja ina chanzo chake. Mathalani: benki zimepandisha riba ya mikopo ya nyumba, benki zimepandisha riba ya amana za muda maalumu. Ni rahisi kujibu kwamba riba ya mikopo imepandishwa ili kufidia ile wanayolipwa wenye amana. Jibu hilo linavutia, lakini anayejua yaliyotokea mwaka 2022 atasita.

Mwezi Aprili mwaka huo mfumuko wa bei ulifikia asilimia 7.79, wakati lengo ni asilimia 4 na ukomo wa juu ni 6. Mwezi Mei, Benki Kuu ya India ilianza kupandisha kiwango cha repo, yaani riba inayozitoza benki zinapokopa kwake kwa muda mfupi. Kutoka asilimia 4, kilifika 6.5 Februari 2023. Riba za mikopo ya nyumba zilipanda upesi, kwani tangu Oktoba 2019 mikopo mipya yenye riba inayobadilika hufungamanishwa na kigezo cha nje, kama vile repo. Riba za amana, ambazo kila benki hujipangia, zilifuata polepole. Yote mawili yalikuwa matokeo ya chanzo kimoja, ambacho swali halikukitaja.

Tarehe nazo husaidia. Novemba 8, 2016, serikali ilitangaza kuondoa noti za rupia 500 na 1,000. Hatua hiyo haikuzaa UPI, mfumo wa malipo kwa simu, kwani mfumo huo ulikuwa umezinduliwa Aprili mwaka huohuo. Ilichofanya uhaba wa noti ni kuwasukuma watu kutafuta njia nyingine za kulipa, nalo hilo ni swali tofauti kabisa na lile la kuanzishwa kwake.