Makosa ya Utangazaji wa Soketi katika Programu Tumizi za Simu za Android na iOS: Vyanzo na Mpangilio wa Uchunguzi

Ikisiri

Programu tumizi nyingi za simu hutafuta seva iliyo karibu kwa kutangaza ujumbe mfupi katika mtandao wa ndani. Msimbo mmoja unapoandikwa kwa ajili ya Android na iOS kwa pamoja, utangazaji huo hushindwa kwa namna tofauti, na mara nyingi ujumbe wa kosa hauelekezi kwenye chanzo halisi. Makala haya yanafafanua vyanzo vinne vya kushindwa huko na kupendekeza mpangilio wa kuvichunguza. Hoja kuu ni kwamba kosa lisiloambatana na ujumbe wowote ndilo gumu zaidi kutambua. Kwa hiyo mifumo ya umma haipaswi kutegemea utangazaji pekee.

Istilahi muhimu: soketi, utangazaji, UDP, mtandao wa ndani, mfumo endeshi

1.0 Utangulizi

Utangazaji ni utumaji wa pakiti moja inayokusudiwa kupokewa na vifaa vyote vya mtandao mmoja. Utaratibu wake katika itifaki ya IP ulielezwa katika waraka RFC 919 wa mwaka 1984, na kwa kawaida hutekelezwa kwa itifaki ya UDP. Manufaa yake huonekana wazi katika shule au zahanati isiyo na intaneti ya uhakika: kishikwambi huuliza seva iko wapi, nayo seva hujibu, bila mtu kuandika tarakimu za anwani. Utaratibu huo unapokwama, mtumiaji huona tu kwamba mfumo haufanyi kazi. Vifaa vizima huweza kudhaniwa kuwa vibovu kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo.

2.0 Vyanzo vya Makosa

2.1 Soketi

Soketi hairuhusiwi kutangaza mpaka chaguo la SO_BROADCAST liwashwe. Pasipo hatua hiyo, kutuma kwenda 255.255.255.255 katika Android huleta kosa EACCES, namba 13, linalomaanisha kuwa ruhusa imekataliwa. Maneno hayo humpeleka mtaalamu kwenye orodha ya ruhusa za programu, ilhali kasoro iko katika soketi. Katika Java, soketi ya aina ya DatagramSocket huwashiwa chaguo hilo tangu inapoundwa. Katika Dart, lugha inayotumiwa na Flutter, sifa ya broadcastEnabled huwa imezimwa. Kwa hiyo msimbo uliohamishwa kutoka Java huweza kushindwa ingawa mantiki yake haikubadilika.

2.2 Ruhusa za Mfumo Endeshi

Kiolezo cha mradi wa Flutter huweka ruhusa ya INTERNET ya Android katika toleo la majaribio, si katika faili kuu. Matokeo yake ni programu inayofanya kazi mezani kwa mwandishi wake na kushindwa mikononi mwa watumiaji. Aidha, simu za Android huweza kuchuja pakiti zisizoelekezwa kwao moja kwa moja. Programu inayozisubiri hulazimika kuomba kufuli la MulticastLock.

Kwa upande wa iOS, toleo la 14 la mwaka 2020 lilianza kudai idhini ya mtumiaji kabla ya programu kuufikia mtandao wa ndani. Utangazaji hudai pia kibali maalumu kinachoombwa kwa kampuni ya Apple. Kibali kikikosekana, kosa huweza kujitokeza kama EHOSTUNREACH, yaani hakuna njia ya kumfikia mlengwa, hata kama mtandao ni mzima.

2.3 Anwani

Waandishi wengi wa programu hudhani kwamba anwani ya utangazaji hupatikana kwa kubadilisha sehemu ya mwisho ya anwani kuwa 255. Dhana hiyo ni sahihi katika mtandao wa /24 tu. Katika mtandao wa 10.0.0.0/22, anwani ya utangazaji ni 10.0.3.255, na 10.0.0.255 ni anwani ya kawaida ya kifaa kimoja.

Namba za makosa nazo hupotosha. EHOSTUNREACH ni 113 katika Android na 65 katika iOS. ENETUNREACH ni 101 na 51. Programu inayolinganisha namba badala ya majina hutafsiri kosa visivyo.

2.4 Kifaa Kinachosambaza Wi-Fi

Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi hutenganisha watumiaji ili wasiwasiliane wao kwa wao. Hapa hakuna kosa linaloripotiwa: soketi hueleza kwamba pakiti imetumwa, na UDP haidai uthibitisho wa kupokewa. Ukimya huo hufanana kabisa na hali ya seva iliyozimwa.

3.0 Mpangilio wa Uchunguzi

Uchunguzi uanzie ndani ya programu na kuelekea nje. Kwanza, jina la kosa lisomwe pamoja na jina la mfumo endeshi. Pili, chaguo la soketi lithibitishwe. Tatu, toleo la mwisho lijaribiwe katika simu halisi, kwa kuwa kiigizaji cha iOS hakitekelezi masharti ya mtandao wa ndani. Nne, anwani ya utangazaji ikokotolewe kutokana na anwani ya IP na kinyago chake. Mwisho, pakiti itumwe moja kwa moja kwenye anwani ya seva inayojulikana. Ikifika, tatizo ni la utangazaji. Isipofika, utenganishaji wa watumiaji au kinga ya seva ichunguzwe.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Utangazaji hupitia malango manne yasiyo na msimamizi mmoja: mwandishi wa programu, mtengenezaji wa mfumo endeshi, mtumiaji na msimamizi wa mtandao. Kwa sababu hiyo, hati za zabuni za mifumo ya shule na afya zidai njia mbadala ya kuifikia seva, kama vile kuchanganua msimbo wa QR au kuandika anwani. Zidai pia majaribio ya toleo la mwisho katika simu halisi za mifumo yote miwili. Utenganishaji wa watumiaji ni hatua ya usalama na usiondolewe kiholela. Panapohitajika, vifaa vya mfumo vitengewe mtandao wao.