James Barnor, mpigapicha wa Accra na London

Mtangazaji Mike Eghan anashuka ngazi za sanamu ya Eros, Piccadilly Circus, mikono ameitandaza, nyuma yake taa za matangazo ya biashara zinawaka. Ni London, mwaka 1967. Kwa jinsi suti ilivyomkaa, ungedhani ni picha ya mitindo. Kumbe ni habari pia: Eghan alikuwa Mghana aliyetangaza BBC, na majarida ya Uingereza ya wakati ule hayakuwa na desturi ya kumwonyesha Mwafrika akiwa amependeza, ametulia, anautazama mji kama mwenyeji.

Aliyeipiga ni James Barnor, mzaliwa wa Accra wa mwaka 1929. Wahakiki huzigawa kazi zake mafungu matatu: picha za studio, mitindo na habari. Mwenyewe hakufanya kazi kwa mafungu. Mtu aliyekuja kukaa pozi asubuhi angeweza kukutana naye jioni kwenye mkutano wa siasa au ulingo wa ndondi, kamera ileile begani.

Alijifunza kazi kwa ndugu yake aliyekuwa na studio, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akafungua ya kwake Jamestown, mtaa mkongwe wa pwani ya Accra. Aliiita Ever Young. Jina alilitoa kwenye hadithi ya kitabu cha shule, kuhusu mungu wa kike Iduna, ambaye matofaa yake huwarudishia walaji ujana. Lilikuwa tangazo tosha la biashara, maana Barnor alikuwa fundi wa kurekebisha picha: alichukua penseli akapitisha juu ya negativu, makunyanzi yakapungua, uso ukang'aa. Nani angekataa kupunguziwa miaka kwa bei ya picha?

Waliofika studioni hapo walikuwa mtaa mzima. Bibi harusi na mumewe. Mtoto aliyekalishwa karibu na kisanamu ambacho kilikuwa kama alama ya studio. Mwanafunzi wa yoga aliyejikunja mbele ya kamera. Mwaka 1954 alikuja askari polisi mwanamke na sare yake, wakati wanawake katika jeshi hilo walikuwa wachache mno. Alisimama wima kama mtu anayejua kwamba picha hii ataonyeshwa mjukuu. Mteja ndiye aliyelipa, kwa hiyo mteja ndiye aliyechagua aonekane nani. Kazi ya Barnor ilikuwa kumsaidia afike huko, kwa mazungumzo, muziki na mzaha.

Nje ya studio nchi ilikuwa inabadilika. Gazeti la Daily Graphic lilipoanzishwa mwaka 1950, Barnor akawa mpigapicha wake wa kwanza wa kuajiriwa. Alimpiga picha Kwame Nkrumah, kiongozi wa nchi, katika shughuli za dola na hata akipiga mpira uwanjani. Alimfuata bondia Roy Ankrah. Alikuwepo Ghana ilipopata uhuru, tarehe 6 Machi 1957. Watu hao mashuhuri hawaonekani wakubwa kuliko wateja wa Jamestown. Mwanga ni uleule, heshima ni ileile.

Mwaka 1959 alihamia Uingereza, akasoma upigaji picha katika Medway College of Art, Kent, na kujifunza usafishaji wa picha za rangi. Kazi iliyompa jina huko aliifanyia Drum, jarida lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kupata matoleo ya Ghana, Nigeria na Afrika Mashariki. Mwaka 1966 alimpiga picha bondia Muhammad Ali akijinoa kupambana na Brian London. Mwaka huohuo alimpiga picha mwanamitindo Erlin Ibreck akiegemea gari aina ya Jaguar huko Kilburn, na tena Trafalgar Square, kati ya njiwa. Hapakuwa na jumba la mitindo nyuma ya Barnor: vibanda vya simu, vituo vya treni na magari yaliyoegeshwa barabarani ndiyo yaliyokuwa studio yake.

Hapo ndipo kuna jambo la kubishania. London hiyohiyo ilikuwa na wenye nyumba waliokataa wapangaji weusi, na kwenye majalada ya Drum huoni hata dalili yake. Je, Barnor aliipamba hali? Kiasi, ndiyo, kama alivyopunguza makunyanzi Jamestown. Lakini gauni fupi, nywele zilizotengenezwa kwa saa nzima na macho yanayomtazama mpigapicha bila kuinama vilikuwa ukweli pia, na hakuna ripoti ya polisi wala takwimu ya uhamiaji iliyoutunza. Picha hizi hazisemi uongo. Ila hazisemi yote.

Karibu na 1970 alirudi Ghana akiiwakilisha kampuni ya vifaa vya picha ya Agfa-Gevaert, akashiriki kuanzisha usafishaji wa picha za rangi nchini, na mwaka 1973 akafungua studio nyingine, X23. Picha za rangi za miaka hiyo, naona, ndizo tamu kuliko zote. Mwaka 1971 msaidizi wa duka la Sick-Hagemeyer alisimama mbele ya jengo la United Trading Company katikati ya Accra, naye hana tofauti na mwanamitindo yeyote wa London. Mwaka 1974 zilifuata picha za kalenda ya kampuni ya mafuta ya AGIP: biashara tupu, lakini ukitaka kujua vijana wa Accra walivaaje enzi hizo, anzia hapo.

Umaarufu ulichelewa kufika. Barnor alirejea Uingereza mwaka 1994, na kwa muda alifanya kazi ya usafi katika uwanja wa ndege wa Heathrow, huku maboksi ya negativu yakiwa kwake nyumbani. Studio nyingi za rika lake zilipofungwa, negativu zilitupwa au zikaozeshwa na unyevu, zake alizishika. Mwaka 2007 zilionyeshwa London, mwaka 2010 taasisi ya Autograph ikaandaa maonyesho makubwa zaidi, na mwaka 2021 jumba la Serpentine likamfanyia maonyesho ya kazi zake za maisha, yaliyofika baadaye Lugano na Detroit. Hazina yake, zaidi ya picha 30,000, sasa inatunzwa na nyumba moja ya sanaa mjini Paris.