Land Rover Kuukuu na Siri ya Bodi Isiyoshika Kutu

Nyuma ya gereji, au chini ya mwembe shambani, huenda pakawa na Land Rover kuukuu ambayo watu hupita karibu nayo kila siku bila kuitambua. Mwanafunzi mwenye futikamba na sumaku aweza kukadiria umri wake, na papo hapo akajifunza kemia.

Asili yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Wakati huo Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya kijeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la gari jipya la shambani, lililoonyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini na magnesi. Fremu yake ilikuwa ya chuma.

Dalili za kuitambua

Toleo la kwanza liliundwa kati ya 1948 na 1958, na ubavu wake ni bapa. Toleo la pili, la mwaka 1958, lina ubavu uliobinuka kidogo. Pima umbali baina ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha gurudumu la nyuma. Ukipata inchi 80, yaani sentimita 203, gari hilo ni la kabla ya 1954. Na iwapo taa kubwa za mbele zimefichwa nyuma ya wavu, umekuta mojawapo ya zile za mwanzo kabisa.

Kwa nini bodi hudumu?

Weka sumaku juu ya madigadi ya mbele: haishiki. Iweke kwenye fremu: hunasa mara moja. Alumini ikikutana na oksijeni hujifunika utando mwembamba, mgumu, unaozuia hewa isipenye zaidi, kama zifanyavyo sufuria zetu za jikoni. Kutu ya chuma, kinyume chake, hulegea na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Lakini pale metali hizi mbili zinapogusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, ikaacha ungaunga mweupe. Jambo hili huonekana zaidi pwani.

Tahadhari

Basi bodi nzima yaweza kumdanganya mnunuzi. Fremu ina uwazi ndani, ambamo matope na unyevu hukaa na kuila taratibu. Igonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hutoa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mzito. Fremu iliyooza huhatarisha maisha barabarani, ijapokuwa mafundi waweza kuitengeneza au kuibadilisha. Lakini gari adimu likishauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, halirudi tena. Kwa hiyo, kabla ya kuliuza, lipimwe kwanza.