Mlaureli Ndani ya Debe

Askari apatapo uhamisho, bustani ya nyuma ya nyumba humbakia mwingine. Kwa hiyo mlaureli, mti wa nchi za Bahari ya Mediterania ambao majani yake makavu hutiwa katika supu na mchuzi, yafaa upandwe ndani ya debe. Hukua polepole mno, na miaka miwili ya kwanza hauchumwi ila kidogo. Debe litobolewe chini na udongo uchanganywe na mchanga, maana maji yakituama mizizi huoza. Majemadari wa Rumi ya kale walivikwa taji la majani hayo siku ya kushangilia ushindi. Jikoni jani moja au mawili hutosha sufuria nzima.

Hatari ipo katika kufananisha. Mwoleanda, wenye maua mekundu au meupe, upandwao sana kuwa ua, una majani magumu ya kijani kibichi, na sehemu zake zote ni sumu idhuruyo moyo. Majani yake ni membamba, nayo huota matatu matatu mahali pamoja; ya mlaureli huota moja moja, na yakivunjwa hunukia. Mche usiojulikana asili yake usiingizwe jikoni kamwe.

Majani yaliyochumwa huanikwa kivulini muda wa wiki mbili hivi. Hayalainiki yapikwapo, hivyo huondolewa kabla ya kupakua.